Usiku Mmoja Nilipokuwa Bosi Wako

Usiku huu mimi ndiye bosi.
Juu nimevaa koti nililolivalia harusi ya dada yako,
chini pajama,
nimeketi upande wa jiko, mvuke wa kabichi
ukinifukiza kama mgonjwa.
Wewe, Ilinca, uko dirishani.
Nje, Cluj inaangukiwa na theluji ya Machi,
ile isiyo na adabu,
inayopiga hodi wageni wakishaaga.

"Karibu, bibi. Tueleze habari zako."
Unacheka. Bosi anakataza kucheka.
Unaanza upya, mgongo wima,
sauti ile unayomsemea daktari wa meno.

Una kadi ishirini na mbili, wino wa kijani:
siku tisini za mwanzo,
namna ya kupima kuridhika,
kwa nini wateja huhama na dalili zake.
Mimi dereva wa tramu.
Kwangu abiria akishuka, ameshuka.
"Kazi yenyewe ni nini hasa?" nakuuliza,
ubosi umenitoka.
Unafikiri, unaikunja kona ya kadi.
"Muuzaji akishauza huondoka.
Mimi ndiye ninayebaki na mtu
na kile alichonunua,
mpaka kimfae."

Hilo halimo kwenye kadi.
Naliandika nyuma ya bili ya umeme.

"Tusimulie kuhusu mteja aliyetaka kuondoka."
Kadi ya kumi na nne. Jibu limepigwa pasi:
tatizo, hatua, matokeo, asilimia.
Mteja wa humo hana jina, hakohoi.
Nakwambia bosi hajaridhika.

Kimya. Friji inaguna.
Kisha unamtaja mzee Pârvu.

Miaka kumi na moja uliketi dirisha la malalamiko,
kampuni ya maji ya moto, mtaa wa Mănăștur,
na kioo kilikuwa na tundu chini mno,
kila mwenye shida ashtaki huku ameinama.
Uliomba tundu lipandishwe. Wakasema bajeti.
Ukabeba kiti cha jikoni kwetu (hiki hapa, mguu wake bado unayumba)
ukakiweka upande wa pili wa kioo.

Pârvu alikuja kila mwezi na bili yake.
Alilipia joto la vyumba vitatu, akilala kimoja;
mke kaburini, wana Torino.
Ukapiga hesabu mara mbili.
Ukamwambia: tuache, baba, nunua kijiko cha umeme,
nikimaanisha jiko dogo, ulisema, ulimi uliteleza,
naye akacheka mpaka akashika kioo.
Fomu ya kujitoa ukamjazia mwenyewe.
Akufukuzaye hakwambii toka;
wewe ulimwambia toka, na hukumfukuza.

Mwezi uliofuata akaja tena.
Hana bili. Akakaa kwenye kiti.

"Sasa hilo nitalisemaje?" unaniuliza.
"Wananitafuta nizuie mlango,
nami nijisifu kwamba niliufungua?"
Bosi anakoroga kabichi.
Bosi hajui.
Ningekuajiri, lakini nafasi niliyo nayo
ni ya kumenya viazi.

Asubuhi ulipanda tramu yangu, mlango wa nyuma,
kama hatujuani.
Kwenye kioo niliona midomo yako ikienda,
viatu vyeusi vimewekwa magazeti ndani visipenye maji,
bahasha ya kadi kifuani.
Ulishuka pale jengo jipya la vioo,
hukugeuka.
Niligonga kengele mara mbili. Kanuni hairuhusu.

Mwisho wa njia nilipita kukagua viti:
glavu ya mtoto, ganda la chungwa,
na kwenye kiti chako, kadi ya kumi na nne,
imelala kifudifudi.

Sijui uliiangusha
au uliiacha.
Nimeitia mfukoni, nikageuza tramu,
na saa nne na robo, nikipita tena chini ya jengo lile,
nilihesabu madirisha,
nikiwaza kama huko juu kuna mtu
aliyekupa kiti.